Kuhama Bila Kufunga Duka

Saa mbili na robo asubuhi Monique alikuwa hajauza hata kipande kimoja cha kitenge. Hajj Abubaker, mwenye jengo pale Nakivubo, Kampala, akaingia dukani kwake bila kupiga hodi, akasimama katikati, akatazama dari.

Mtu akiingia kwako akatazama dari kabla ya kukutazama wewe, jua ana neno.

"Mama Monique, hii chini yote nimepatia mtu ya magodoro," alisema. "Wewe unapanda juu, namba tisa, nimeshafagia. Saa saba kamili fundi anakata umeme ya huku chini."

"Hajj! Si ulisema ni Jumapili?"

"Nilisema Jumapili. Lakini mtu ya magodoro amekuja na lori leo. Sasa lori italala wapi, kwa kichwa yangu?"

Na kweli, nje lilikuwa limesimama lori limejaa magodoro hadi juu, yamefungwa nailoni, na mbele yake mwenyewe, Khaemba, Mkenya wa Bungoma, mtu wa kicheko kikubwa, akiwaelekeza wachukuzi. "Pole pole jameni! Hiyo mnabeba ni usingizi ya watu!"

Monique hakugombana. Alikuwa na miaka sitini na minane, na katika hiyo alikuwa amehama mara sita, ya kwanza kutoka Bukavu na mjukuu mgongoni na sufuria kichwani. Kwake yeye kuhama kulikuwa kazi kama kufua. Kilichomkata maini siku hiyo ni kile kilichokuwa nyuma ya pazia lake.

Nyuma ya pazia la Monique palikuwa na wingu.

Usicheke. Watu wakisikia kompyuta zao zinafanya kazi katika wingu, hutazama juu. Hakuna kitu juu. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine iliyowekwa mahali, inakula umeme, inatoa joto, inavuma kama nyuki. Na wingu la kampuni ya Paa Moja, kwa miaka mitatu, lilikuwa limekaa kwenye kabati la chuma nyuma ya vitenge vya Monique, kwa sababu waya wa intaneti ulipita hapo na kwa sababu mwenye wingu alikuwa mjukuu wake, Estelle, yule yule wa mgongoni.

Paa Moja walikuwa watu wawili: Estelle, na Ochola, Mjaluo wa Kisumu. Programu waliyoiandika wenyewe, mstari kwa mstari, ilikuwa na kazi moja. Inaichukua kompyuta moja kubwa inaigawa vyumba. Kila chumba na mlango wake, kila mpangaji anadhani nyumba nzima ni yake. Hilo Monique alilielewa tangu siku ya kwanza, maana Bukoto walikopanga ilikuwa vivyo hivyo: bati moja, milango minane, familia nane. "Tofauti," Estelle alimwambia, "huku kwetu, Koko, jirani hasikii ukikaanga samaki."

Koko ndivyo alivyomwita bibi yake, kama watoto wote wa Bukavu.

Lakini cha kujivunia zaidi hakikuwa kugawa vyumba. Kilikuwa kuhamisha. Programu yao iliweza kukitoa chumba kwenye kompyuta moja na kukipeleka kwenye kompyuta nyingine, mji mwingine hata, mpangaji akiwa ndani anakula, na kijiko kisianguke. Ochola alikuwa amechapisha fulana mbili, yake na ya Estelle, zimeandikwa mgongoni: HAKUNA ANAYENGOJA.

Wameshaijaribu mara nyingi, kwa vyumba vitupu. Kwa mpangaji wa kweli, mchana, kazi ikiwa imepamba moto, hawajawahi hata mara moja.

"Koko, Hajj amesema saa saba?" Estelle alikuwa ametoka nyuma ya pazia, mswaki bado mkononi. "Saa saba ya leo?"

"Ya leo."

"Betri ya akiba tulishaipeleka jana kwenye ofisi mpya, Bugolobi! Wakikata, kabati lote linakufa papo hapo."

"Basi funga duka lako, mama. Zima, beba, ukawashe kule Bugolobi. Njo vile watu wanahama."

Estelle alimtazama bibi yake kama mtu aliyeambiwa azime moyo aubebe kwenye kikapu. "Siwezi kuzima. Mle ndani yumo Nanyama."

Sasa huyo Nanyama ni lazima umjue. Alikuwa nesi wa jeshi zamani, mzaliwa wa Mbale, mgongo umenyooka kama mlingoti, Kiswahili chake cha kambini. Alikuwa na pikipiki thelathini na moja zinazopeleka damu: kliniki inaomba, mwendeshaji wa karibu anapata habari kwenye simu yake, anachukua boksi la barafu, anakimbia. Kila pikipiki inajulikana iko wapi, kila boksi linajulikana limetoka lini. Hesabu hiyo yote ilikaa katika chumba kimoja cha kompyuta, nyuma ya vitenge.

Zamani Nanyama alikuwa kwa watu wengine. Siku moja mtambo wao ulizimika dakika ishirini, na mwendeshaji akazunguka mjini na boksi mgongoni bila kujua aende hospitali ipi. Mgonjwa alipona, lakini Nanyama hakuisamehe siku ile. Alipokuja Paa Moja alisema neno moja tu: "Ikizima hata dakika moja, mimi naondoka. Sitapiga kelele. Naondoka tu." Na mpangaji mwingine mkubwa kama yeye hawakuwa naye. Akiondoka yeye, Ochola angerudi Kisumu, na Estelle angerudi kwenye ngazi za jengo, kutengeneza vioo vya simu vilivyopasuka.

"Mpigie," Monique alisema.

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Mwanamke kama yule ukimficha, atanusa."

Estelle akapiga. Nusu saa haikupita, Nanyama akashuka kwenye boda mbele ya lori la magodoro, akamlipa dereva bila kumtazama, akaingia. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavuta kibao cha Monique, akaketi, akaweka simu yake juu ya goti. Kwenye simu kulikuwa na ramani ya Kampala na vidoa thelathini na kimoja vya buluu, vinatembea kama siafu.

"Mimi nitaangalia hii," alisema. "Wewe fanya kazi yako."

Saa nne kamili Estelle akafungua laptopu yake juu ya mafungu ya vitenge. Simu ya pili ikawekwa kwenye spika, na kutoka Bugolobi sauti ya Ochola ikajaa duka lote. "Huku niko tayari! Mashine inaunguruma kama simba! Wee Estelle, leta huyo bibi harusi!"

"Naanza," Estelle akasema, akabonyeza.

Kwenye kioo palitokea mraba mkubwa mwekundu, na kuanzia pembeni ukaanza kugeuka kijani, kidogo kidogo, kama mvua inavyoingia shambani. Monique aliacha kukunja kitambaa. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini rangi ni rangi.

"Kijani ni nini?"

"Ni kilichofika Bugolobi, Koko. Kumbukumbu ya chumba. Naibeba yote, kipande kwa kipande, huku Nanyama anaendelea kufanya kazi humu humu. Ikiisha kufika yote, nafumba jicho moja tu, nafumbua, yuko kule."

"Na hajui?"

"Hajui."

Monique akapiga makofi mara moja, paa! Moyo wake ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana. Mara sita alizohama, kila mara kuna kitu kilibaki nyuma: cherehani, picha ya harusi, mbuzi, sauti ya jirani. Leo mtoto aliyembeba mgongoni anahama na chumba kizima, na hata kijiko hakibaki!

"Endelea, mama," alisema. "Na mimi nahama yangu."

Basi ikawa kuhama kuwili ndani ya duka moja. Khaemba alikuwa ameshaanza kupanga magodoro kwenye korido, na njia ilikuwa inazidi kuwa nyembamba. Monique hakufunga duka. Nakivubo ukifunga saa nne, wateja wanadhani umekufa. Alichukua kwanza vitambaa vya rafu ya juu, vile ambavyo hakuna mtu anayeviulizia, akavipandisha namba tisa. Halafu vya kati. Anashuka, anauza, anapanda, anapanga, anashuka tena. Mteja akichagua, anapewa chenji, anaondoka bila kujua kwamba nusu ya duka imeshapanda ngazi.

"Mama, wewe unauza ama unahama?" Khaemba alimtania, akimpisha na godoro kichwani.

"Yote mawili. Na wewe, unauza magodoro ama unayalalia? Tangu asubuhi umeshusha kumi tu."

Khaemba akacheka hadi godoro likamwangukia.

Kufika saa sita kasoro robo, Monique alikuwa amebakiwa na fungu moja, vitenge vizuri kuliko vyote, vya dhahabu na zambarau, vile ambavyo kila mteja anataka kuvigusa. Na hapo ndipo alipokutana na tabu yake. Anavikunja, mteja anavikunjua. Anaviweka kwenye mfuko, mwingine anaingiza mkono anavitoa. "Hiki bei gani? Na hiki?" Wanawake watatu, mikono sita, na yeye ana miwili. Ukikunja viwili wao wanakunjua vitatu, fungu haliishi mpaka kiama.

Monique hakukasirika. Akajua la kufanya, maana amelifanya miaka mingi. Alimgeukia wa kwanza, akamwekea mkono begani. "Gyebale ko, nnyabo," akamsalimia Kiganda, taratibu, kama hakuna lori nje wala saa ukutani. Yule mama akaacha kitambaa, akanyooka, akajibu. Monique akauliza ya siku, akauliza ya nyumbani, akauliza ya watoto. Akamgeukia wa pili, akaanza upya. Kampala huwezi kuulizwa hali yako ukajibu huku unapekua bidhaa za watu, ni aibu. Mtu anayejibu salamu, mikono yake hutulia. Na mikono yao ilipotulia, mikono ya Monique ikaendelea, inakunja, inakunja, huku mdomo unasalimu. Vitenge vikaisha. Kila mmoja alipata alichotaka, wakaondoka wakicheka.

Akafunga mfuko. Ndipo akasikia duka limenyamaza.

Estelle alikuwa ameinama juu ya laptopu, vidole kwenye nywele. Simu ya Ochola ilikuwa kimya, na Ochola kunyamaza si jambo jema.

"Nini?"

"Imekwama, Koko."

Monique akasogea. Mraba ulikuwa karibu wote wa kijani. Lakini katikati kulikuwa na madoa mekundu, na madoa yale yalikuwa hayatulii. Hapa yanageuka kijani, pale yanachipuka mengine, kama surua usoni mwa mtoto.

"Kila nikikipeleka kipande, Nanyama anakibadilisha," Estelle alisema polepole. "Pikipiki zinatembea, kliniki zinaomba, ni mchana, wote wako kazini. Kipande nilichopeleka kinakuwa cha zamani, inabidi nikirudie. Narudia kimoja, wao wamebadilisha viwili. Itaendelea hivi hivi mpaka saa saba."

"Tuzime tu kidogo!" Ochola alisema kwenye spika. "Dakika tatu! Tunapeleka iliyobaki, tunawasha!"

"Dakika tatu," Nanyama alisema kutoka kwenye kibao, bila kuinua macho, "ni dakika tatu."

Nje Khaemba alikuwa akihesabu magodoro kwa sauti, arobaini na moja, arobaini na mbili. Monique alitazama madoa mekundu. Akatazama mfuko wake wa vitenge. Akatazama madoa tena. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akajishika ukutani.

"Koko, hii si ya kucheka."

"Estelle mtoto yangu! Umewaacha wateja waingize mikono yote mara moja! Sasa utakunja saa ngapi?"

"Siwezi kuwafukuza."

"Nani amesema ufukuze? Wasalimie!"

"Nini?"

"Wasalimie! Hukuniona hapa sasa hivi? Wale mama watatu niliwafukuza? Niliwafungia? Walijibu salamu tu. Kila ombi likija, liulize habari za nyumbani kwanza. Kidogo tu. Pumzi moja. Mkono ukitulia, wewe unakunja."

Estelle alifungua mdomo ili aeleze kwa nini kompyuta si duka la vitenge. Akaufunga. Macho yake yakawa makubwa.

"Ochola," alisema.

"Nimesikia," Ochola alijibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wee! Nimesikia! Tukiifanya ile mashine ipumzike kidogo kila baada ya kazi… inabadilisha kidogo… sisi tunapeleka haraka kuliko inavyobadilisha…"

"Tunaifikia!"

"Tunaipita! Aki ya Mungu, Estelle, kwa nini hatukuiandika hii?"

Estelle aligeuza shingo akaivuta fulana yake mgongoni, akayasoma yale maneno kwa upande. "Kwa sababu ya hii," alisema. "Tuliapa hakuna atakayengoja. Hata pumzi moja hatukuiruhusu."

Saa sita na dakika ishirini. Vidole vyake vikaanza kukimbia juu ya herufi. Lakini Monique alimgusa mkono. "Kwanza muulize mwenye chumba."

Estelle akasimama mbele ya Nanyama, akanyooka kama mbele ya mwalimu mkuu. "Mama, sitazima. Lakini nataka kupunguza mwendo. Kwa muda kidogo, mtu wako akibonyeza, jibu litachelewa. Sekunde moja. Labda mbili. Nitakuwa nimevunja ahadi yangu ya mwendo ili nisivunje ya kuzima."

Nanyama aliinua macho. "Boksi yangu ya damu inakaa na barafu masaa manne," alisema. "Nani amekuambia mimi naogopa sekunde mbili? Mimi naogopa giza. Mtu anachelewa kujibu, najua iko hai. Mtu ananyamaza, hapo ndio nachimba shimo. Punguza."

Basi Estelle akaandika. Ochola kule Bugolobi anasoma kila mstari anaourusha, anarekebisha, anarudisha. Wanakatizana maneno kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. "Hapo weka moja ya kumi!" "Ndogo, weka mbili!" "Umesahau kufunga mabano!" "Nimeona!" Kile kipande kipya cha programu kilihitaji jina, na Estelle hakufikiri hata kidogo. Aliandika: salamu.

Saa saba kasoro dakika kumi na nane. Na mlangoni, kati ya magodoro mawili, akatokea mtu mrefu mwembamba, ngazi begani, koleo mkononi.

"Mimi ni Ocira," alisema. "Fundi ya umeme. Mita iko wapi?"

Estelle akageuka. "Hajj alisema saa saba!"

"Saa saba niko na kazi ingine Bugolobi. Nakata sasa, namaliza."

Mita ilikuwa ukutani, hatua tano kutoka mlangoni. Ocira alikuwa amekwisha piga mbili.

Ya tatu hakuipiga, kwa sababu mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mzee wa kitenge cha dhahabu, anatabasamu, amenyoosha mikono miwili. Fundi akahamisha koleo mfukoni, akatoa mkono wa kulia, kama mtu yeyote mwenye mama angefanya. Mikono miwili ya Monique ikaufunika mkono ule, ikatulia juu yake kama kuku juu ya mayai.

"Gyebale ko, ssebo."

"Kale, mama. Nawe gyebale."

"Mmm."

"Mmm."

"Osiibye otya? Umeshindaje?"

"Bulungi, mama. Sasa mita…"

"Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nyumbani kwako ni wapi, baba?"

"Gulu, mama. Lakini…"

"Gulu!" Monique akasema, kama ametajiwa Yerusalemu. "Na mama mzazi yupo?"

"Yupo." Ocira akalegea kidogo. "Anasumbuliwa na goti."

"Goti! Lipi?"

Nyuma yake Estelle akabonyeza. Monique hakugeuka, lakini alimsikia Ochola: "Salamu imeingia! Mashine imetulia! Angalia nyekundu!"

"La kushoto," Ocira alisema.

"La kushoto ndilo baya. Langu pia ni la kushoto. Analikanda na nini?"

"Na… mafuta ya moyaa, mama. Ile ya shea."

"Amefanya vizuri. Na baba mzazi?"

"Nyekundu inapungua!" Estelle alipiga kelele. "Koko, inapungua!"

"Vidoa vyangu vinachelewa," Nanyama alisema. Duka zima likamgeukia. "Vinachelewa. Lakini vinakwenda. Yule wa Mulago amebonyeza… moja… mbili… jibu imekuja. Endelea!"

Khaemba alikuwa ameacha magodoro yake. Alisimama mlangoni na wachukuzi wawili, hajui hasa kinachoendelea, lakini mchezo akautambua. "Mama, muulize ya mashangazi!" alisema. "Waacholi wako na mashangazi wengi!"

"Mashangazi wangapi, baba?"

"Saba," Ocira alijibu, na sasa alikuwa amejua. Macho yake yalitoka kwa Monique yakaenda kwa msichana wa laptopu, kwa kabati linalovuma, kwa mita. Angeweza kuvuta mkono wake. Mkono wa mzee si pingu. Lakini kuvuta mkono wako kwenye mikono ya mama yako mkubwa akiwa katikati ya kukuulizia mashangazi, huo ni ujasiri ambao Ocira hakuzaliwa nao, na pengine hata asingeutaka. Pembe ya mdomo wake ikapanda.

"Nianze na wa kwanza, ama wa mwisho?" aliuliza.

"Wa kwanza! Tuna haraka gani?"

Ocira akaanza na wa kwanza. Alimaliza wa nne, aliyeolewa Kitgum na mwenye mashine ya kusaga, wakati sauti ya Estelle ilipopanda juu kuliko yote: "Yamebaki matatu! Mawili! Ochola, shika!"

"Nimeshika mikono miwili! Rusha!"

"Nafumba!"

Na alifumba kweli, macho yake mwenyewe, akabonyeza.

Nakuambia haikuwa hata kufumba na kufumbua. Mbu angekuwa hajamaliza kutua. Halafu kutoka Bugolobi yakaja makelele ya mtu anayeruka juu ya sakafu ya saruji. "Kimefika! Kinapumua! Kinapumua huku! Ile salamu nimeiondoa, mwendo ni kama kawaida! Koko! Koko Monique, umesikia?"

Monique akaachia mkono wa Ocira.

"Ahsante, baba," alisema. "Mita ni ile pale."

Ocira akaegemeza ngazi, akapanda vidato viwili, akatoa koleo. Tak. Balbu ikazima. Na lile kabati la chuma, lililovuma miaka mitatu nyuma ya pazia mpaka Monique akawa halisikii tena, likavuta pumzi moja ndefu, likanyamaza. Kimya chake kilikuwa kikubwa kuliko kelele zake zote.

Wote wakamgeukia Nanyama.

Yeye alikuwa bado kwenye kibao, mgongo wima, mwanga wa simu usoni. Ndani ya macho yake ungeweza kuviona vile vidoa vya buluu, vinatembea. Kimoja kikavuka barabara ya Jinja. Kingine kikasimama Nsambya, kikageuka kijani: boksi limepokelewa. Akangoja mpaka cha pili kikageuka, na cha tatu. Ndipo akainuka, akakung'uta sketi yake.

"Sijaona," alisema.

Estelle akamsogelea. "Hujaona nini, mama?"

"Kuhama. Nimetoka ofisini kwangu, nimepanda boda, nimeketi hapa masaa matatu mazima kuangalia nyinyi mnahama." Akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akatoa meno yote nje. "Sijaona kitu. Jumatatu lete karatasi ya mkataba wa miaka mitatu, nitie sahihi."

Estelle alimrukia bibi yake shingoni kama alivyokuwa akifanya akitoka shule, na kwa kuwa sasa alikuwa mkubwa kumzidi, wote wawili walianguka chali juu ya godoro la Khaemba, nailoni ikapiga kelele, na Ochola kwenye spika akawa anauliza, "Nini hiyo? Nini imeanguka? Estelle!"

"Mkilala mmenunua!" Khaemba alipiga kelele kwa furaha. "Hiyo ni sheria ya duka!"

Monique alicheka mpaka machozi yakamtoka, amelala pale chini ya balbu iliyozimwa, mkono wa mjukuu wake shingoni. Mara ya saba hii. Alijaribu kukumbuka ni nini kilichobaki nyuma safari hii, akatafuta, akakosa.

Kivuli kirefu kikamfunika. Alikuwa Ocira, ngazi imerudi begani, mkono wa kulia ameunyoosha ili amwinue. Monique akaushika, akanyanyuka. Lakini fundi hakuuachia.

"Mama," alisema, "tulikuwa kwa shangazi wa nne. Bado watatu."